Mizani, Saa na Kitu Kisichoonekana



Katika kipindi cha vijana liliulizwa swali ambalo naona halifai kujibiwa kwa dakika mbili huku watu wanakunja mikeka. Kijana mmoja alisikia redioni kwamba sehemu kubwa ya maada iliyopo angani haionekani, na wataalamu wanaiita maada ya giza. Akauliza: kama haionekani, haishikiki wala hainusi, wanajuaje kwamba ipo? Mwenzake akadakia: mbona sisi tukiamini visivyoonekana tunachekwa, na wao wakiamini wanapewa zawadi? Watu walicheka, lakini mimi niliona kwamba swali hili ni zito kuliko lilivyoonekana, na linagusa hata mambo yanayotokea katika vilaji vyetu hapa makazini. Kwa hiyo mzee wa kanisa ameniruhusu nichukue kurasa hizi.

Kwanza niondoe neno moja njiani. Sisi tukisikia "giza" tunakumbuka mara moja nguvu za giza, na tayari nimemsikia ndugu mmoja akisema kwamba wazungu hatimaye wamegundua makao ya mashetani kwa darubini. La hasha. Tena jina lenyewe halikuchaguliwa vizuri. Kitu cha giza huonekana: mkaa ni mweusi na tunauona, kivuli cha mwembe tunakiona na kukalia. Maada inayosemwa hapa haina rangi nyeusi wala kivuli. Nuru hupita ndani yake kana kwamba hakuna kitu. Mimi nitaiita maada isiyoonekana, na naomba msomaji afanye hivyo pia, maana jina baya huzaa mahubiri mabaya.

Sasa tuje kwenye hesabu. Fikiria siku ya mgao. Gunia limeandikwa kilo 50, kila jamaa anapimiwa kwa kikombe, na hesabu inasema litatosha watu kadhaa. Lakini gunia linaisha watu sita wakiwa bado kwenye laini. Kilele zinaanza: kuna aliyekula! Huenda ni kweli. Lakini huenda pia kikombe ni kikubwa kuliko kilivyoandikwa, na hakuna aliyeiba hata punje moja. Hesabu isipokubali, kuna njia mbili tu: ama kuna kitu ambacho hukukiona, ama kipimo chako kina kasoro. Na kwa kuangalia gunia tupu peke yake huwezi kujua ni ipi kati ya hizo mbili.

Wataalamu wa nyota walikutana na njia hizo mbili muda mrefu uliopita, na mtu yule yule alizipita zote, moja kwa ushindi na moja kwa aibu. Alikuwa Mfaransa, Urbain Le Verrier. Sayari ya Uranusi ilikuwa haifuati njia iliyotakiwa na sheria za Newton. Le Verrier akasema: kuna sayari nyingine tusiyoiona inayoivuta. Akafanya hesabu kwa kalamu na karatasi, akaandika barua kwenda Berlin akitaja mahali pa kutazama. Tarehe 23 Septemba 1846, usiku wa siku ile ile barua ilipofika, Johann Galle alielekeza darubini na kuiona Neptuni, isiyozidi digrii moja kutoka mahali palipotajwa. Fikiria jambo hilo! Mtu amekaa Paris, hajatazama angani, naye anamwambia mwenzake: itafute pale.

Baadaye sayari ya Utaridi, iliyo karibu kuliko zote na jua, nayo ikaonekana kukosea njia. Kosa lilikuwa dogo ajabu: katika miaka 100 linafika sekunde 43 za pembe, na sekunde moja ya pembe ni digrii moja iliyogawanywa mara 3,600. Le Verrier akatumia dawa ile ile. Mwaka 1859 akasema kuna kitu kingine kati ya Utaridi na jua. Daktari mmoja wa kijijini akadai amekiona, kikapewa jina Vulcan, watu wakakitafuta kila jua lilipopatwa. Wengine walidai wamekiona mwaka 1878, wengine waliokuwa na darubini nzuri hawakuona kitu. Le Verrier alikuwa amekwisha kufa mwaka 1877, bado akiamini. Vulcan haikuwepo kamwe. Mwezi Novemba 1915 Albert Einstein alionyesha kwamba kosa lilikuwa katika sheria yenyewe ya uvutano. Kipimo kilipotengenezwa, zile sekunde 43 zikatoka sawasawa bila kuongeza sayari yoyote.

Mtu yule yule, akili ile ile, njia ile ile ya kufikiri. Mara ya kwanza kilichofichika kilikuwepo. Mara ya pili kikombe ndicho kilichokuwa kibovu. Nadhani hadithi hii ingefundishwa katika kila shule, na ingefundishwa pia kwa wazee wanaoketi kuamua mashauri.

Maada isiyoonekana ilianza hivyo hivyo, kwa gunia lisilotosha. Jua hatukulipima kwa mizani, bali tunajua uzito wake kwa kuangalia jinsi sayari zinavyokimbia kulizunguka. Utaridi iliyo karibu inakwenda kilomita 47 kwa sekunde, dunia yetu kilomita 30, na Neptuni iliyo mbali kama kilomita 5 na nusu. Kadiri unavyokwenda mbali na kitu kizito, ndivyo mwendo unavyopungua. Mwaka 1933 Fritz Zwicky, Mswisi aliyefanya kazi California, aliangalia kundi la galaksi liitwalo Coma na kukuta galaksi zake zinakimbia mno. Kwa uzito wa nyota zinazoonekana, kundi lile lingekuwa limekwisha kutawanyika. Hakusikilizwa sana. Kisha mama mmoja Mmarekani, Vera Rubin, pamoja na Kent Ford, wakapima mwendo wa nyota na gesi katika galaksi ya Andromeda, wakatoa matokeo mwaka 1970, na baadaye wakapima galaksi nyingine nyingi. Walitarajia kule pembeni mwendo upungue kama wa Neptuni. Haukupungua. Za pembeni zilikwenda kasi karibu sawa na za ndani. Ni lazima kuna kitu kinachozishika zisiruke, na kitu hicho haking'ai.

Leo hesabu inayokubaliwa na wengi, iliyotokana na chombo kiitwacho Planck mwaka 2018, inasema maada ya kawaida, yaani nyota zote, milima, mahindi na miili yetu, ni kama asilimia 5 tu ya vyote vilivyopo. Maada isiyoonekana ni kama asilimia 27. Kinachobaki ni kitu kingine tena, nacho nakiacha kwa siku nyingine kwa sababu ukurasa si wangu peke yangu.

Hapo ndipo kijana mwingine, fundi wa kutengeneza simu pale sokoni, alipotoa wazo lililonifurahisha. Alisema: Einstein alifundisha kwamba saa haziendi sawa kila mahali. Basi labda hakuna maada yoyote iliyofichika. Labda saa za kule pembeni ya galaksi zinakwenda tofauti na zetu, na sisi tunapopima mwendo kwa saa yetu tunapata jibu la uongo. Kikombe, si mwizi!

Wazo hilo linastahili heshima. Heshima ya wazo si kulipigia makofi, bali kulipima. Tulipime basi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili, maana hapa makazini mambo ya saa yanachanganya. Sisi tuliotoka Kivu, Rwanda au Burundi, tulipovuka mpaka kuingia Uganda tulikuta saa imeruka mbele saa moja. Uliondoka saa tatu, ukafika ng'ambo ya kizuizi ikawa saa nne, wala hukuchelewa. Hayo ni mapatano ya serikali. Saa ya Uganda hufuata mstari unaopita karibu na Mogadishu, ndiyo maana hapa kwetu magharibi saa kumi na mbili ya asubuhi inapiga na jua halijatoka, jambo linalowakera wazee waliozoea kwamba saa moja ni saa moja baada ya mapambazuko. Mapatano ya namna hiyo hubadilishwa kwa kalamu. Vilevile wapo wanaosema kwamba mtu anayesubiri jibu la safari muda wake huenda polepole, na ndivyo Einstein alivyosema. Nadharia ya Einstein haisemi hivyo. Hayo ni mambo ya moyo, nayo ni ya kweli kwa namna yake.

Alichosema Einstein ni kwamba wakati wenyewe, bila mapatano na bila moyo, huenda polepole zaidi karibu na kitu kizito, na pia kwa kitu kinachokimbia. Jambo hili limepimwa. Tangu mwaka 1967 sekunde ya dunia nzima huhesabiwa kwa mitetemo 9,192,631,770 ya miali ya atomu za seziamu, na saa za namna hiyo hazidanganyi kirahisi. Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walizipandisha saa hizo katika ndege za abiria na kuzunguka nazo dunia, mara moja kuelekea mashariki na mara moja kuelekea magharibi. Zilizokwenda mashariki zilirudi zimepoteza kama sehemu 59 za bilioni za sekunde, zilizokwenda magharibi zimeongeza kama 273. Mwaka 2010 huko Marekani waliinua saa moja juu ya mwenzake kiasi cha sentimita 33, yaani urefu wa ndoo ndogo, na tofauti ikaonekana. Setilaiti zinazoelekeza ramani za simu zetu huwa na saa zinazotangulia za hapa chini kwa sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Kama zisingerekebishwa, baada ya siku moja tu ramani ingekukosesha njia kwa kilomita kama 10. Fundi wetu anashika mkononi kila siku ushahidi wa Einstein, akibadilisha kioo chake.

Mtu aliyeishi kwenye kilele cha Rwenzori, mita 5,109 juu, angekuwa anamtangulia ndugu yake wa pwani ya bahari kwa sehemu 17 au 18 za milioni ya sekunde kwa mwaka. Ni kitu kidogo sana. Lakini kwa maelezo ya Einstein tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya embe lianguke. Wakati una mteremko kuelekea penye uzito, na embe linafuata mteremko huo. Kwa hiyo fundi wetu hakukosea kuunganisha saa na uvutano; hakika ni jambo moja.

Sasa tuone kiasi. Jua letu linazunguka katika galaksi yetu kwa mwendo wa kilomita 220 hivi kwa sekunde. Nuru huenda kilomita 300,000. Gawanya, utapata 1,360 hivi. Zidisha 1,360 kwa 1,360, unapata kama 1,850,000. Hicho ndicho kipimo cha mteremko wa wakati katika galaksi: saa hutofautiana kwa sehemu moja katika milioni na zaidi. Tuwe wakarimu tuizidishe mara kumi. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo saa ya pembeni ya galaksi ingepishana na yetu kwa nusu ya sekunde kwa siku. Ili hesabu ya Mama Rubin ikubali bila maada isiyoonekana, saa ingebidi ikosee hata siku moja ihesabiwe kuwa mbili, na zaidi. Nusu ya sekunde haiwezi kufanya kazi ya siku nzima. Tena Rubin alilinganisha pande mbili za galaksi, upande unaotujia ambao nuru yake huelekea rangi ya buluu, na upande unaotukimbia ambao nuru yake huelekea nyekundu. Saa iliyochelewa ingezisogeza pande zote mbili kuelekea nyekundu, isingezitofautisha.

Basi wazo limeanguka. Limeanguka kwa kuzidisha na kugawanya ambako mtoto wa darasa la saba anaweza kurudia, wala si kwa sababu mwenye wazo ni fundi wa sokoni na si profesa. Yeye mwenyewe alipoiona hesabu akasema, "Sawa, nipe nyingine." Nilimpenda kwa jibu hilo.

Lakini saa ilikataa kuwa kikombe kibovu ikageuka kuwa mizani, na hapa naomba uvumilivu kwa sababu kwangu mimi ndipo penye utamu wa habari yote. Ikiwa kila kitu kizito hufanya mteremko wa wakati, basi nuru inayopita karibu nacho hupinda na pia huchelewa, hata kama kitu hicho hakionekani. Mwaka 1964 Mmarekani Irwin Shapiro alisema mawimbi ya rada yakirushwa kupita karibu na jua yatachelewa kurudi, nayo yakapimwa yakachelewa. Mwaka huo huo Sjur Refsdal wa Norwei aliandika kwamba nyota ikilipuka nyuma ya kitu kizito mno, nuru yake inaweza kutufikia kwa njia kadhaa, nyingine fupi nyingine ndefu, hata tukauona mlipuko mmoja mara nyingi kwa tarehe tofauti.

Alingoja miaka, akafa mwaka 2009 bila kuona. Mwezi Novemba 2014 darubini ya Hubble iliona nyota iliyolipuka nyuma ya kundi moja kubwa la galaksi. Nuru yake ilikuwa imesafiri zaidi ya miaka bilioni 9. Ilionekana mara nne, kama taa nne kuzunguka galaksi moja. Wakaipa jina la Refsdal. Vikundi kadhaa vya wataalamu vikaketi kupima uzito wa kundi lile, na sehemu kubwa ya uzito waliouweka katika hesabu ilikuwa maada isiyoonekana. Wakasema: kuna njia nyingine tena ya nuru, ndefu zaidi, na mlipuko huo huo utaonekana kwa mara ya tano mahali fulani, karibu mwaka mmoja baadaye. Wakaandika hayo mapema, kila mtu asome. Wakaelekeza darubini na kungoja. Desemba 2015 ikatokea pale pale, katika muda uliotajwa.

Msomaji, hiyo ndiyo tofauti ninayotaka tuione. Wale watu walidai kitu kisichoonekana, kisha wakajifunga kwa mahali na tarehe. Kama ile Desemba ingepita na miezi mingine ikafuata bila kitu, wangeaibika mbele ya dunia. Walitoa shingo zao kwanza, ndipo wakaomba kuaminiwa.

Sasa nitoke angani nishuke chini. Sote tunajua yanayotokea mtoto anapokufa ghafla, au mahindi ya mmoja yakikauka na ya jirani yakistawi. Hesabu haikubali. Mtu anatafuta kisichoonekana, na mara nyingi kinapewa jina la mwanamke mzee, mjane, asiye na watoto wa kumtetea, mwenye macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka 40. Katika nchi tulizotoka na katika nchi zilizotupokea, wajane wamechomewa nyumba kwa hesabu ya namna hiyo.

Muulize mshitaki: ni jambo gani litakalotokea ambalo litakufanya useme nilikosea? Hana. Mama akikana, uchawi wake umemfundisha kukana. Akinyamaza, amekiri. Mtoto mwingine akiugua, ni yeye. Asipougua, ameogopa baada ya kutajwa. Hakuna tarehe, hakuna mahali, hakuna Desemba ya kungoja. Mshitaki hakutoa shingo yake mwenyewe hata kidogo, ametoa ya mwenzake.

Tena angalia jinsi tulivyopindua mambo. Wataalamu wakikosea kuhusu maada isiyoonekana, hakuna galaksi itakayolia. Haina paa la nyasi la kuchomwa. Hata hivyo wanajidai vipimo vikali, wanarudia, wanapingana, wanangoja miaka 50. Sisi tukikosea, ni mama wa watu anayelala porini na mvua. Na bado tunatosheka na ndoto ya mtu mmoja na mnong'ono kisimani. Pale ambapo kosa linaumiza zaidi ndipo tunapodai ushahidi mdogo zaidi. Kwangu mimi huo ni uovu hata kabla hatujajadili kama uchawi upo au haupo. Na njia ya pili, ya kikombe, hatuigusi kabisa: hakuna anayeuliza juu ya malaria, maji ya kisima, au mbegu zilizokuwa zimeoza tangu ziliponunuliwa.

Nirudi kwa yule aliyeuliza kwa nini sisi tunachekwa. Najua wapo watumishi ambao wangependa kusema: mnaona, hata wataalamu wana imani, basi ni sawa na sisi. Mimi sipendi jibu hilo. Imani inayosemwa katika Waebrania sura ya 11 ni kumtegemea Mmoja aliyeahidi, kwa watu walioacha miji yao wakatembea, jambo ambalo hapa makazini halihitaji maelezo. Maada isiyoonekana ni kitu kilichoingizwa katika hesabu kwa sababu jumla haikukamilika, na wenye hesabu wako tayari kukifuta kesho. Anayeegemeza imani yake juu ya upungufu wa hesabu ya mwingine ajiulize atafanya nini siku upungufu huo utakapozibwa. Tusiazime heshima ya darubini.

Je, ni Neptuni au ni Vulcan? Wengi wanasema Neptuni, na wana sababu. Mwaka 2006 yaliangaliwa makundi mawili ya galaksi yaliyogongana. Gesi, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya maada yao ya kawaida, ilisongamana katikati. Lakini uvutano uliopinda nuru ulikutwa umepita mbele pamoja na galaksi, kana kwamba kitu kizito kilipenya bila kugusana na kingine. Kipimo kibovu peke yake hakielezi hilo kwa urahisi. Upande wa pili yuko Mordehai Milgrom wa Israeli, ambaye tangu mwaka 1983 anasema sheria ya uvutano ndiyo inayohitaji kutengenezwa pale uvutano unapokuwa dhaifu mno, na kwa galaksi moja moja hesabu yake inatoka vizuri kiasi cha kuwasumbua wapinzani wake. Huko South Dakota, Marekani, kilomita moja na nusu chini ya ardhi katika mgodi wa zamani wa dhahabu, wameweka tani 10 za zenoni ya maji maji zikingoja chembe moja ya maada hiyo igonge. Hadi matokeo yaliyotangazwa mwaka 2024 haikugonga. Wamelipa fedha nyingi ili kuweza kusema mbele ya watu: bado hatujakiona. Mwezi Juni 2025 darubini mpya huko Chile, iliyopewa jina la Vera Rubin, ilitoa picha zake za kwanza, nayo itapiga picha anga lote la kusini kwa miaka 10.

Wanaotaka kuitazama galaksi aliyoanza nayo Mama Rubin hawahitaji darubini, na ukosefu wetu wa umeme kwa mara moja ni faida. Mwezi wa kumi na moja, usiku usio na mbalamwezi, mvua ikiruhusu, tokeni nje saa tatu mtazame kaskazini, juu kidogo ya nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini. Zimeni taa, ngojeni dakika kumi macho yazoee. Kuna wingu dogo hafifu, kama alama ya kidole kwenye kioo. Nuru ile ilitoka huko miaka milioni 2 na nusu iliyopita. Fundi wa simu ameahidi kuwaonyesha vijana wa zoni yake mahali penyewe, na wengine waweza kuungana nao nyuma ya kanisa, kila mmoja aje na mkeka wake.